Taa Iliyokuwa Ikimngoja Mwenye Vidole

Jumapili, 10 Novemba
Nimeingia kwenye siasa. Sababu ni Bibi yangu. Jana, Sabato, tulitoka sinagogi, akasimama kando ya barabara kuu kungoja taa ya waenda kwa miguu. Taa ile haiwaki mpaka ubonyeze kitufe, na sisi Wayahudi siku ya Sabato hatugusi mambo ya umeme. Bibi Fruma akachoka, akavuka. Lori likafunga breki mbele ya pua yake! Akamtukana dereva kwa Kiyidi, lugha ya wazee wetu, akaendelea na safari. Aliyetetemeka hadi nyumbani ni mimi.
Swali limenikaa kichwani: nani hasa anayeiamuru ile taa? Ohio nzima hakuna anayejua. Mimi, Hillel Zukerbrot, nitajua.

Jumatatu, 11 Novemba
Simu kutwa. Mtu wa idara ya barabara akanipeleka kwa mtu wa umeme, wa umeme akanirudisha kwa wa barabara. Utamu ulioje! Mwisho mama mmoja akanifichulia kwamba taa humsikiliza fundi, na fundi humsikiliza diwani. Kumbe! Diwani wetu ni Bwana Petrakis.
Habari mbaya: Devora Lifshin, binti wa mwoka mikate, ameshaanzisha kamati ya vijana kuhusu taa hiyo hiyo. Akanikaribisha, nigawe chai mkutanoni. Chai! Nimeunda kamati yangu. Mwenyekiti: mimi. Wajumbe: natafuta.

Jumatano, 13 Novemba
Nimegonga milango ya majirani wasio Wayahudi. Hotuba mfukoni. Mlango wa kwanza, mbwa. Wa pili, mzee Tolliver, akaniketisha na kunihoji. Kwa nini hatubonyezi? Nikaeleza. Na kwa kiwiko je? Hapana. Kwa pua? Hapana. Paka akibonyeza kwa bahati mbaya? Hapo nikakwama. Nitamuuliza rabi.
Kisha akanionyesha mikono yake. Baridi yabisi imeikunja kama mizizi. Naye hawezi kubonyeza, siku yoyote. Husimama pale mpaka apite mtu. Miaka yote tumetenganishwa na barabara moja tu, sikujua.
Devora akasema huyo mzee lazima azungumze mbele ya baraza la madiwani. Nikamwambia huyo ni wangu.

Ijumaa, 15 Novemba
Mpango mkubwa! Nimemwalika diwani sinagogi kesho. Atakula nasi maharagwe na nyama, kisha avuke nasi, ajionee. Amekubali! Devora akauliza kama nimemweleza asiguse kitufe. Nikamwambia asinifundishe kazi.
Jua linazama, Sabato inaingia. Naweka kalamu.

Jumapili, 17 Novemba
Aibu. Jana diwani alikula, akaongezwa, akaramba kijiko. Tukatoka umati mzima hadi kwenye taa. Nikainua mkono nianze hotuba. Yeye akabonyeza kitufe. Taa ikawaka. Sinagogi zima likavuka kwa raha, likimshukuru!
“Mbona inafanya kazi vizuri tu, kijana?” akaniuliza tulipofika ng'ambo.
Devora akaniwahi kujibu. “Mheshimiwa, sasa mrudishe Bibi Fruma, amesahau miwani yake sinagogi. Ila mikono mfukoni.”
Wakasimama. Upepo wa ziwani ukakata masikio. Taa nyekundu. Magari, magari. Mzee Tolliver akatoka kwake akasimama nao, mikono kwapani. Diwani akauliza wanangoja nini.
“Mtu mwenye vidole,” akajibu mzee.
Diwani akanyoosha mkono. Bibi akauchapa kofi. “Wee! Si umekuja kuona, mwanangu? Basi ona!”
Akaona. Pua ikamwiva kama nyanya. Lori likapita, likamrushia Bibi maji machafu hadi magotini. Hakusogea. Diwani akavua koti lake, akamfunika. Hapo hakuna aliyecheka, hata mimi.

Jumanne, 19 Novemba
Baraza la madiwani. Nilianza hotuba yangu tangu utumwa wa Misri. Kengele ya muda ikalia tukiwa bado hatujavuka Bahari ya Shamu. Devora akasema maneno machache. Mzee Tolliver aliinua tu mikono yake. Madiwani wote wakaitazama. Nilitamani kujua wanawaza nini, kila mmoja.
Wamepitisha! Taa itawaka yenyewe, siku zote, si Jumamosi tu. Bibi akanifinya shavu mbele za watu. Devora akasema bila mimi diwani asingekuja. Nikaona haya kidogo. Kidogo.

Jumatano, 20 Novemba
Nimetafakari. Ni dhahiri sasa kwamba kile kitufe nilimwacha diwani akibonyeze kwa makusudi. Mbinu! Mwenye kipaji hiki hawezi kubaki kupiga simu. Nitagombea udiwani. Nimemuuliza Bibi kama atanipigia kura. Akasema yake ni ya Devora. Ndiyo siasa, kura za siri.
Nimeshaagiza mabango makubwa yenye sura yangu. Devora bado hajui kwamba ndiye atakayeyabandika.