Siku nilijiita anarshisti kwa bakwe

Bandugu, leo haya imenimaliza. Nawaandikia nikiwa ndani, mulango nimefunga, na bado nasikia batu banacheka huko inje.

Munijue kwanza. Mie ni Kambale wa Mususa, natengeneza telefone. Siku hizi naangalia mavideo ya politiki, na nimeshika maneno makubwa-makubwa. (Kitabu sijafungua hata kimoja.)

Leo, kisha misa, nilienda kula kwa bazazi ya Kavira, muchumba wangu. Balitoka Beni, bakahamia hapa Butembo juu ya kazi ya papa yake. Kazi gani? Kavira aliniambia tu: "Papa iko ku bureau." Mie nikajiambia, bureau ni bureau, ofisi ni ofisi.

Tukakaa. Bukari, sombe, kuku. Papa akaniuliza kwa upole: "Na mambo ya inchi, mutoto wangu, weye unasimama wapi?"

Nikanyoosha shingo. "Papa, mie ni anarshisti."

Akaacha kutafuna. "Anarshiki?"

"Anarshiki kabisa! Hata nyumba yangu naijenga na ile roho." (Nani alinituma?)

Tantine Masika, dada ya papa, akauliza ile ni kanisa gani. Nikaeleza kama mwalimu. "Tantine, anarshisti anasema: Serikali hapana, chef wa kuamuru hapana, patron hapana. Batu banasaidiana bo benyewe, na vyombo vya kazi ni vya bote. Kuna bengine, anarko-kapitalisti. Bo pia Serikali hapana, mais banataka kila kitu kikuwe na mwenyewe na kiuzwe sokoni: barabara, polisi, mpaka tribinali. Na libertarieni, bengi yabo banaachilia Serikali kidogo tu. Ilinde mutu na mali yake, kisha inyamaze."

"Na takataka ya soko," tantine akasema, "kati ya bale batatu, nani anaiondoa?"

Nikakunywa maji.

Lakini papa alikuwa anang'aa na furaha! "Miaka yote niko ku urbanisme, bureau ya mipango ya muji," akasema. "Kazi yangu ni kutafuta ma-constructions anarchiques. Batu bote banakataa. Huyu anasema ukuta ni ya marehemu, ule anasema ni ya mujomba yake iko Kasindi. Leo mutu anakubali na kinywa yake mwenyewe! Kavira, ulipata mutu wa kweli."

(Kwa benye hapana jua: kwetu hapa, nyumba "anarshiki" ni ile inajengwa bila ruhusa, inaingia mpaka barabarani. Bandugu, ile neno naisikia ku radio kila siku. Leo ilinipotea.)

"Tuende tuone," papa akasema, na kofia tayari ku kichwa.

"Papa, kusema kweli, mie niko zaidi libertarieni."

"Ule anataka Serikali kidogo?"

"Kidogo tu, papa."

"Basi kidogo inakuya. Niko peke yangu."

Tukafika Mususa, Kavira na tantine nyuma yetu. Ukuta wangu, nikubali, ulikula njia ya kwenda ku bomba ya maji. Si sana. Moto, ile pikipiki, inapita bado, kama mwenye kuendesha anakunja goti. Papa akazunguka, akatikisa kichwa, akatoa rangi nyekundu ndani ya sakoshi (siku ya Mungu, bandugu!), akachora musalaba mukubwa ku ukuta, alama ya kubomoa. Batu bakaanza kujaa.

"Papa, hii ni mali yangu!"

"Ruhusa ya kujenga iko wapi?"

Hapo nikapoteza akili. Nikapiga kelele, mbele ya kartye, mutaa muzima: "Muniitie chef wa avenue! Niko na haki! Serikali inilinde!"

Tantine Masika akauliza, polepole: "Ile yenye haiko?"

Batu bakaanguka na kicheko. Chef wa avenue, mukubwa wa njia yetu, akafika kweli, akasimama pembeni, mikono nyuma. "Mie nakuya kuona tu kama hakuna mutu anapigana," akasema. Papa akanipa juma moja nibomoe mwenyewe. "Juma ya nini?" akajibu Mama Kanyere, jirani wa mbele, mwenye anazunguka mbali na bidon zake za maji, sababu ya ukuta ule. Akaleta piki ya kubomoa. Mwingine nyundo. Bamama ba koral ya kanisa, baendesha moto, kila mutu akashika tofali yake. Hakuna mutu alibatuma, hakuna mutu alibaamuru, na banaimba! Ukuta ukaisha kabla ya jasho langu kukauka.

Na pale ku kona, mufundi mumoja alishapanga matofali yangu vizuri, anauza. Akaniona. "Unataka ngapi, jirani? Kwa weye nitapunguza."

Kavira alikuwa amekaa chini, anashika tumbo, machozi inatoka. "Kambale, nieleze tena. Ipi ni ipi?"

Papa akanishika bega. Alisema ndoa iko, yeye hana kinyongo, lakini nianze na kupita ku bureau yake kesho asubuhi, na plan ya nyumba. Nikasema ndiyo papa. Nitafika kabla ya ule anafungua mulango.

Sasa, kama mutu anawauliza tofauti ya zile mambo tatu, mumutume kwangu Mususa, nitamuonyesha na kidole: benye balibomoa, mwenye anauza tofali, na chef mikono nyuma. Mais tafazali, akuye akiwa alishacheka kwabo.