Kamati ya Uwiano wa Mapambano

Mkurugenzi wa Idara ya Mizani na Vipimo alisimama katikati ya sebule yake, akakohoa kidogo kama mtu aliyeshika kipaza sauti, akatangaza kwamba kuanzia Jumamosi hiyo hakuna joka litakalouawa kabla ya kufungua mdomo. Wachezaji tisa walipiga makofi, maana wengi wao walikuwa chini yake kikazi.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mezani. Kila mtu alikuwa shujaa wa kubuni, mwenye upanga wake au uchawi wake. Mkurugenzi ndiye aliyesimulia safari na kuwachezea maadui wote, na dadu ikaamua nani kapiga na nani kakosa. Walipoanza walikuwa watu wachache na mambo yalikwenda vizuri. Kisha watoto wake wakahamia mbali, nyumba ikapwaya, naye akawa anamkaribisha kila aliyemjibu salamu. Sasa walikuwa tisa, na joka alilolilea kichwani wiki nzima, lenye jina, ukoo na kinyongo, lilikuwa limekufa Jumamosi iliyopita kabla ya zamu yake kufika. Tisa kwa mmoja si vita, ni machinjio.

Mtu wa kawaida angecheka yakaisha. Mkurugenzi aliunda Kamati ya Uwiano wa Mapambano, akajiteua mwenyekiti, na akidi ikatimia kwa kuwa hakukuwa na mjumbe mwingine. Kamati ilikutana bafuni, mahali penye utulivu, ikaazimia uhai wa joka uongezwe mara tano.

Utekelezaji ulianza mara moja. Joka jipya lilikatwa, halikufa, likachomwa, halikufa. Kati ya zamu yake moja na nyingine, fundi cherehani wa nyumba ya jirani alikwenda kwake, akapinda gauni zima, akalipiga pasi, akarudi kuuliza kama joka ni lile lile. Lilikuwa lile lile. Karani wa masjala, mchawi wa kundi, alisinzia na dadu mkononi. Vidole vilipolegea dadu ikaanguka, ikahesabiwa kuwa shambulio.

Mkurugenzi aliyaita hayo changamoto za mpito. Jumamosi iliyofuata Kamati ililistaafisha joka na kuleta vibwengo thelathini, ili kila shujaa apate wa kugombana naye. Kwa hesabu, mpango haukuwa na doa. Tatizo ni kwamba vibwengo wote thelathini walikuwa yeye. Zamu yao ilipofika alirusha dadu, akajumlisha, akatoa, akarusha tena, jasho linamtiririka. Alipoinua kichwa kutangaza matokeo, viti vilikuwa vitupu. Vicheko vilitoka jikoni.

Alinyata hadi mlangoni. Wote walikuwa humo, wengine wameketi juu ya ndoo, wakimsikiliza shemeji yake, mdogo wa mkewe na mmoja wa wale tisa, akisimulia daraja bovu na walinzi wake. Mapinduzi hayakumchoma, mapinduzi aliyazoea kazini. Kilichomchoma ni kwamba yeye hakuwahi kuwachekesha namna ile.

Mkewe alimwona. "Njoo ukae, baba. Hawa walishapanga kila mtu atafute udhuru wa Jumamosi ijayo. Huyu mdogo wangu ndiye kawazuia."

Mkurugenzi aliuliza kama kuna nafasi. Kwa heshima ya cheo akapewa kuwa mfalme.

Shemeji hakuwa na kamati. Walinzi wake walikuwa wachache, lakini kila shujaa alipomaliza zamu, mmoja wao alijibu papo hapo, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kusinzia. Tena kupigana haikuwa kazi pekee: wengine walivusha mkokoteni, wengine walizima moto ulioshika kamba za daraja. Aliyesitasita alirukwa, akarudiwa baadaye. Hata karani alikuwa macho makavu.

Mkurugenzi aliomba kutoa hoja ya utaratibu. Akiwa bado kwenye utangulizi, walinzi walimkamata mfalme wakamfunga kamba mguu mmoja na kumning'iniza darajani, juu ya mto. Moto ukaanza kuishuka kamba yake. Alishangaa kuona moyo unamwenda mbio kweli kweli, kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Akawaomba wamwokoe.

Mashujaa walitazamana. Fundi cherehani alisema angependa sana, ila mto ule hauko katika eneo lake. Mkewe akauliza kama kuning'inia kwenyewe kumethibitishwa. Dereva wa idara akakumbusha kwamba mfalme haokolewi bila idhini ya mfalme, na mfalme kwa sasa hayupo, ananing'inia.

"Kamba inaungua," Mkurugenzi alisema. "Jamani, kamba."

Karani wa masjala alimgeukia kwa upole mkubwa, ule ule anaowapa wananchi dirishani.

"Vuta subira, mzee," alisema. "Suala lako linashughulikiwa."