Pumuzika Mara Tatu

Jumatatu, tarehe 1 Septemba
Wiki nane za mazoezi kliniki zimeisha. Nimechoka. Miaka ishirini ya kubanika samaki imeniachia mapafu yanayopiga mluzi. Sasa Sista Esnart, muuguzi wetu, atatufuatilia nyumbani, mimi na Fanwell, mgonjwa mwenzangu na mwimbaji mwenzangu wa kwaya. Esnart ni Mbemba wa hapa Zambia. Kiswahili chake ni cha kununulia samaki. Ameniandikia karatasi: "Pumuzika mara tatu kwa siku." Najua alitaka kusema pumua, yale mazoezi ya kupuliza polepole, kama mtu anayepoza uji. Lakini karatasi ni karatasi! Nimemwonyesha mke wangu Angèle. Kuanzia leo sichoti maji.

Alhamisi, tarehe 4
Nimepumzika mara nne, moja nimeongeza kwa hiari yangu. Fanwell amepita njiani mara mbili akipuliza kwa midomo. Jumapili kwaya inaimba wimbo wangu, ule wenye besi ndefu, na yeye anaumezea mate tangu mwaka jana. Nimemwambia besi haiibiwi kwa miguu. Akanijibu kwa heshima zote, akiniita Ba Gustave, yaani Mzee Gustave, kwamba hata yeye angependa kuniona nje nikifanya mazoezi. Mnafiki! Kusema kweli naogopa. Bila besi ile, mimi hapa Nchelenge ni mkimbizi wa Kongo mwenye kikohozi tu. Nimelala tena, hofu ipungue.

Jumapili, tarehe 7
Aibu! Ubeti wa kwanza nilipita. Wa pili, pumzi ikakatika katikati ya Aleluya. Nikabaki na "Ale..." mdomoni, kanisa zima likisubiri. Fanwell akamalizia kutoka safu ya nyuma, bila jasho. Baadaye alinishika mkono mpaka nyumbani, tukisimama kila baada ya nyumba tatu. Hakunicheka. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumanne, tarehe 9
Sista Esnart amekuja. Nikamtolea karatasi kwa hasira: maagizo yake hayo! Angèle akamweleza maana ya pumuzika. Sista akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasikiliza kifua changu, akaacha kucheka. Alisema nimerudi nyuma, ila besi haijafa: mwezi ujao kwaya inavuka ziwa kwenda kisiwani Chisenga, na nikijitahidi nitaimba. Nusura nilie. Nikaapa mbele ya Angèle kwamba sasa nitafuata maagizo. Nikaomba tu Sista aandike upya, kwa Kiswahili, kwa mkono wake mwenyewe. Angèle, anayeniita kwa jina la mtoto wetu, akaniuliza, Papa Bénie, unatafuta nini tena? Sista akaandika: "Tembea kila siku nusu saa."

Jumatano, tarehe 10
Niko kijiji cha Kabuta, kwa rafiki yangu Katongo. Nimeletwa juu ya baiskeli ya samaki. Kwetu Kongo, ukienda kwa mutu kunywa chai, umekwenda kutembea. Nimetembea tangu asubuhi, masaa sita, bila kuinuka kitini. Fanwell anafanya nusu saa tu, maskini. Chisenga itanisikia!