Ombi la Kuitambua Mashua ya Zambia, au Sivyo Kuizuia Harusi ya Luciana

Wampembe,
Jumapili, 9 Mei 1976.
Mwaka wa pili sasa tangu nitoke kwetu Msanzi kuja kubeba mawe ya zahanati.

Ndugu Mkaguzi wa Vyombo vya Majini,

Kwanza shikamoo, hata kama umri wetu umelingana, maana mwenye kofia ya serikali huamkiwa. Mimi ni yule kibarua aliyekuwa amekaa juu ya gunia la dagaa siku ulipoizuia mashua ya Zambia iitwayo Mapalo. Uliniambia, "Shuka, mzee, hapa hapana safari." Nilishuka. Nakuandikia nikiwa bado nimeshuka.

Mashua ile ilikuwa inifikishe Kasanga kwa njia ya ziwa, na kutoka Kasanga nipande kwetu. Jumamosi hii binti yangu Luciana anaolewa. Nisipofika, mdogo wangu Eustaki ndiye atakayekaa kwenye kigoda cha baba na kuonja pombe ya ulezi kabla ya wageni, kama ilivyo desturi yetu, ili waone haina sumu. Eustaki akianza kuonja haachi. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mashua ina cheti cha usalama kutoka serikali yake. Ulikisoma, ukasema mhuri si wetu na sheria si yetu. Yao inataka filimbi, yetu inataka kengele. Yao inataka boya moja kwa abiria wawili, yetu inataka kila mtu na boya lake. Ndugu, mimi ni Mfipa wa juu milimani, maji yakinipita magoti nayaita bahari. Mtu kama mimi akizama hataulizia kama kilicholia kilikuwa filimbi au kengele. Na boya la wawili lina faida yake: mtu hafi mpweke.

2. Mbona mambo mengine ya nje tunayatambua? Padre aliyenibatiza alipewa upadre kwao Ulaya, na hakuna aliyemwambia akaupate upya Sumbawanga. Redio inasema treni inatoka Zambia inaingia kwetu bila kubadilishiwa magurudumu. Cha chuma kinaaminiwa, cha mbao kinashukiwa. Mbao imekosa nini?

3. Kama kila mmoja ni lazima akague upya kilichokwisha kukaguliwa na mwenzake, basi nianze mimi. Shule nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu nililisoma mara mbili. Goti langu la kushoto hulia kuliko filimbi yoyote ya Zambia. Nyumba niliyoijenga Msanzi huvuja hata siku ambayo mvua imenyesha kwa jirani. Hata hivyo Wampembe walinipokea kwa neno la katibu wa TANU wa kwetu, aliyeandika kwamba mimi ni mtu mwenye nguvu. Hawakunipa jiwe la kujaribia. Walijuta baadaye, lakini kwa adabu.

4. Bila mashua, njia iliyobaki ni kuupanda mlima ulio nyuma ya Wampembe, na vijana wa hapa wananicheka: "Mfipa gani anaogopa mlima? Panda tu, baba!" Hawana goti langu.

5. Kwa hiyo naomba ukitambue cheti cha ndugu zetu wa Zambia. Ukikataa, haki iwe moja kwa wote: mwandikie paroko wa kwetu aizuie na harusi, kwa kuwa baba atakayesimama pale hana mhuri wangu. Ifungwe kamba Msanzi kama mashua ilivyofungwa kamba Wampembe, na bwana harusi naye atafutiwe gunia la kukalia.

Sina zaidi. Nisalimie mama watoto, wenzako wa ofisini, mpishi wa nyumba ya wageni, na yule mgambo aliyenivuta mkono niliposhuka. Mwambie mkono umepona na sina kinyongo naye.

Ni mimi katika kulijenga taifa, jiwe kwa jiwe,
Zenon Kalisti.

Nyongeza, Jumatatu asubuhi. Nilimsomea Mwinjuma, nahodha wa mashua ile, barua hii ili afurahi. Alifurahi mpaka akanieleza ukweli. Mapalo iliyokaguliwa na kupewa cheti ilizama mwaka juzi. Hii ni nyingine, iliyochongwa baadaye, ikapewa jina la marehemu kama mjukuu anavyopewa jina la babu. "Aliyerithi jina karithi na mali," akasema, "na cheti ni mali, shemeji." Nilitaka kubisha nikashindwa, kwa sababu mimi mwenyewe nina jina la babu na shamba lake nalilima. Ila shamba halielei. Nikamwuliza, basi hii mpya imekaguliwa na nani? Akanishangaa: "Haijazama hata mara moja, unataka ukaguzi gani tena?"

Karatasi nyingine sina, kwa hiyo tafadhali futa namba ya kwanza mpaka ya tano wewe mwenyewe. Mashua iache ilivyofungwa, na ukiwa na kamba ya pili, ongeza. Harusi usiiguse. Mimi naanza kupanda mlima sasa hivi, na vijana wamekwisha kukusanyika kutazama. Huko juu lori lolote likinihurumia, nitadandia. Ukimwona mtu anayekwenda upande wa kwetu, mwambie awape habari: baba Luciana atafika Ijumaa jioni, na atatokea upande wa nchi kavu.