Ankara Namba 871

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mungu mkubwa! Nimepata akili mpya. Miaka yote natengeneza majokofu ya watu hapa kisiwani, Utende, nikimaliza nasema utanipa ukipata. Hawapati! Sasa mwenye fremu yangu kasema kodi isipofika Ijumaa, chumba anampa muuza chipsi. Basi. Kuanzia leo, ankara tu.

Nimemwambia mke wangu Chiku nakwenda kuchapisha ankara. Akafurahi, akaomba ya bluu yenye maua, doti mbili. Ikabidi nimweleze kwamba si kitambaa, ni karatasi ya kudai fedha. Furaha ikaisha.

Brightness wa steshenari kachapa vizuri mno. Akauliza kama ianze namba moja. Namba moja! Mteja aone nimeanza kazi jana? Nikamwambia aandike 871. Karatasi ikapata uzito papo hapo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza na Bi Mwanamkuu, mnunuzi wa pweza. Friza lake nilitengeneza mwezi wa Ramadhani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akavaa miwani. Sikujua ana miwani! Akasoma kila mstari kwa sauti, wavuvi waliokuja kuuza pweza wakisikiliza. Alipofika "Ushauri wa kitaalamu, shilingi elfu ishirini," akaniangalia.

"Ushauri gani huo, mwanangu?"

Nikamkumbusha: nilimwambia awe anafunga mlango wa friza.

Wavuvi walicheka, mmoja mpaka akakaa chini. Bi Mwanamkuu akaikunja ankara, akasema ataitazama. Lakini sikutoka mikono mitupu. Kanipa mnyiri mnene, mkono wa pweza, Chiku kaupika kwa nazi. Alhamdulillahi. Mama mwenye roho nzuri, ingawa anasoma sana.

Jumatano, 6 Agosti

Leo loji, hoteli ya watalii. Ndiko kwenye deni kubwa, chumba chao cha barafu. Mhasibu wao, Mama Cresensia, mtu wa bara, mpole, akaagiza niletewe chai. Akasema anafurahi kumwona fundi anayetunza kumbukumbu. Nikavimba! Kisha akauliza, kwa upole uleule: kama hii ni ya 871, zile 870 zimelipiwa kodi? Kwa bahati njema mkaguzi wa kodi yuko kisiwani. Kesho asubuhi atakuwa hapo lojini, atapenda kuniona.

Chai ikanipalia. Nimefika nyumbani na kikombe chao mkononi.

Alhamisi, 7 Agosti

Naumwa. Tumbo, kichwa na mguu mmoja. Nimemwomba Chiku akanisemee lojini. Kakataa. Kasema mguu ulikuwa mzima wakati wa chapati.

Mchana, hodi! Fredy! Fundi mwenzangu, mpinzani wangu, ambaye nimeshawaambia watu kwamba huunganisha nyaya akiwa amefumba macho. Nikajificha nyuma ya friji la mteja. Chiku akamwonyesha nilipo.

Nilidhani kaja kunicheka. Kumbe asubuhi alikuwa lojini akitengeneza kiyoyozi, akayasikia yote. Akawaambia Mama Cresensia na mkaguzi: "Huyu hajaandika ankara hata moja maishani mwake. Madeni yake anayakumbuka kwa rangi ya friji." Mkaguzi kacheka, kaagiza niandike upya, ukweli mtupu.

Fredy akakaa mkekani, tukaandika. Kazi, vipuri, jumla. Namba moja. Nikamshukuru mpaka akaniomba ninyamaze. Alipoondoka machozi yalinitoka. Nikamwambia Chiku ni vumbi la friji. Hakubisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, watu mapumzikoni, na bado simu imelia: loji wamelipa! Baada ya swala ya Ijumaa kaja Bi Mwanamkuu mwenyewe na pesa ya friza. Kasema tangu aanze kufunga mlango, umeme wake haukimbii tena. Kwa hiyo kaongeza elfu mbili, ya ushauri. Nimelipa fremu. Muuza chipsi atafute kwingine. Nimezungukwa na watu wema kuliko ninavyostahili!

Jumamosi, 9 Agosti

Wema hulipwa kwa wema. Lazima nimfanyie Fredy jambo. Shida yake ni moja tu: hajui kujitangaza. Mlango wake umeandikwa "Fredy, Fundi." Nani atamheshimu?

Nimerudi kwa Brightness, kachapa matangazo mia: "PROFESA FREDY, bingwa wa baridi Afrika Mashariki na Kati. Tawi lingine Dubai. Mara ya kwanza BURE." Akauliza kama mwenyewe anajua. Nikamjibu kwamba zawadi haiombewi ruhusa.

La kwanza nimebandika kwenye nyumba ya wageni anakolala mkaguzi wa kodi, alione kabla hajaondoka. Mengine nayamaliza sasa hivi. Fredy anapiga simu mfululizo. Maskini, na yeye ni mtu wa shukrani kama mimi! Nitampokelea nikishabandika yote.