Vita vya Boila katika Nyumba ya Akina Pyo

Enyi wenye masikio, na ninyi mliokalia sakafu ya joto mkadhani joto hujizukia lenyewe, sogeeni, acheni kutafuna, msikie habari za Ok-hui mke wa Deok-gu, mama yake Hae-rin, simba jike wa sinki, mshika sufuria asiyeshindwa, yeye aliyepigana katika milima ya Jeongseon vita vya boila vilivyotikisa nyumba ya akina Pyo kuanzia vigae vya paa hadi mitungi ya kimchi.

Nyumba ile ilikuwa kubwa, tena kubwa ya makusudi, maana marehemu mzee Pyo aliijenga akitaka ukoo mzima ulale chini ya paa moja kila Mwaka Mpya. Ukoo ukamtii kuliko alivyotarajia. Walikuja wana na wake zao, wajukuu, vitukuu, na watu wengine ambao hakuna aliyejua wameingilia tumbo gani. Wakaoga, wakala, wakaoga tena. Na nyuma ya jiko ilisimama boila moja ya mafuta, kizee chenye kikohozi, iliyopewa kazi mbili: kuzungusha maji ya moto chini ya sakafu ili nyumba ipate joto, na kuwapa watu maji ya kuogea. Zote mbili kwa pamoja haikuziweza. Mtu akifungua bomba la moto, sakafu huachwa ipoe; na juu ya sakafu hiyo, pale penye joto kuliko pote, alikuwa amekaa Bibi Bun-rye, mama mkwe, mwenye enzi.

"Nani kafungua maji ya moto?" huuliza bibi kabla bomba halijamaliza kukoroma. "Msinifiche! Makalio yangu yameshajua!"

Kwa hiyo Ok-hui, tangu alipoolewa hadi mvi zilipomwingia, aliosha vyombo vya sikukuu kwa maji ya baridi, bakuli juu ya bakuli, mikono myekundu kama kamba wa kuchemshwa. Hakulalamika. Aliimba tu, kwa sauti mbaya ya kusudi.

Ikawa, mwanzo wa baridi, siku ya kutengeneza kimchi, yaani kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, siku ambayo ukoo hukusanyika na kabichi hulala uani kama jeshi lililochinjwa, ile boila ilikohoa moshi mweusi, ikatangaza kwamba mwakani wasiitegemee. Wanaume wakafurahi sana. Walikuwa wamebeba kabichi mbili tatu na walihitaji sababu ya kukaa.

Baraza likaketi sebuleni. Akasimama kwanza Deok-gu, mkata magogo, mwenye msumeno wa mashine alioupenda kama mtoto wa pili.

"Ndugu zangu," akanena, "sisi ni watu wa mlima, na mlima una kuni. Tununue boila ya kuni! Moto wa kweli, moto wa kiume!"

"Na nani atakuwa akiilisha hizo kuni," Ok-hui akauliza kutoka jikoni, viwiko vimejaa pilipili, "wewe ukiwa kwa jirani unacheza karata?"

Deok-gu akaketi. Hivyo ndivyo ilivyoanguka boila ya kuni, bila hata kupigwa mshale wa pili.

Akainuka mdogo wake, Pil-jae, msafi wa mji wa Wonju, mwenye kunukia kama duka la sabuni. "Kaka, tuache ushamba. Hii yetu ni nzuri, ila imezeeka. Tununue ya aina hiihii, isiyo na matangi, inayochemsha maji palepale unapofungua bomba. Mpya tu, na kubwa zaidi. Bwana Tak, au siyo?"

Bwana Tak, fundi wa boila, alikuwa amealikwa kwa ushauri lakini amekuja kwa nyama. Akameza kipande cha nguruwe kilichoviringishwa katika kimchi mbichi, akauliza ukubwa wa sakafu, swali ambalo kwalo boila zote za nchi ile hununuliwa: "Nyumba ni pyeong ngapi?"

Loo! Hapo ndipo mapigano yalipochacha. Mmoja akataja pyeong sitini, mwingine akaapa kwa kaburi la baba kwamba ni sabini. Wakaleta futi ya kamba, wakapima sakafu wakitambaa kama kaa, wakabishana kama veranda nayo ni sakafu au ni uchochoro. Walipima kila mahali panapolalika. Vichwa vya watu hawakuvihesabu, wala mabomba.

"Na maji?" akauliza Ok-hui.

"Maji yapi, shemeji?"

"Ya kuoshea."

"Ah, hayo yatakuja tu," akasema Pil-jae, akipunga mkono kama anayefukuza nzi.

Yatakuja tu! Shujaa wetu akalisikia neno lile likimshuka kooni kama maji ya sinki lake mwezi wa kwanza. Akajua kwamba wakitia saini jioni ile, mikono yake itakuwa baridi mpaka siku ya kuzikwa. Hakupiga kelele. Akarudi kwenye beseni lake, akangoja, maana alimfahamu adui: Pil-jae havumilii harufu ya kitunguu saumu, na kabla ya chakula lazima akaoge.

Naam, mlango wa bafu ukafungwa, nyimbo zikaanza. Ok-hui akahesabu ubeti mmoja, mpaka povu lienee vizuri kichwani. Kisha akamwita mumewe kwa sauti ya asali.

"Baba Hae-rin, miguu yako imejaa chumvi ya kabichi. Nenda kaioshe bafu la nyuma. Kwa maji ya moto, leo nimekuruhusu."

"Kweli?" Deok-gu akakimbia kama mtoto aliyepewa pipi.

Na yeye, binti wa watu, akanyoosha mkono ule mwekundu, akalishika bomba la moto la jikoni, akalifungua hadi mwisho.

Bafuni wimbo ukakatika, ukaja ukelele. Bafu la nyuma likajibu kwa tusi. Na sebuleni Bibi Bun-rye akaruka kutoka pale penye enzi yake. "Sakafu! Nani ameua sakafu?"

Pil-jae akatokea na taulo, povu limemvaa kama kilemba, meno yakigongana. "N-nani anataka kuniua humu ndani?"

"Ni mimi," akanena Ok-hui, na beseni mkononi kama ngao. "Niliosha bakuli moja. Moja tu, shemeji! Nikasema nionje nanyi mnavyoonja, nanyi muonje ninavyoonja. Hii ndiyo boila unayotaka ninunuliwe ikiwa mpya. Bwana Tak, acha nyama kidogo. Hiyo kubwa yake ingemwosha?"

"Yeye peke yake? Vizuri sana," akasema fundi. "Mkifungua bomba la pili, mnagawana. La tatu, mnasali."

"Sasa mbona hukusema?" Pil-jae akafoka.

"Mmenipimia pyeong. Hamkunihesabia vichwa." Akafuta mdomo. "Ya watu wengi ni ile ya tangi. Inachemsha maji mapema, yanakaa yakiwangoja, jikoni na mabafu yote mfungue. Na sakafu haiibiwi joto kila mtu akinawa. Ila tangi linataka nafasi. Pale stoo, labda."

"Stoo?" Deok-gu akatokea, mguu mmoja una povu. "Stoo kuna misumeno yangu!"

Bibi Bun-rye akaipapasa sakafu iliyopoa. Akautazama mkono wa mkwewe, akautazama sana, kama vile ndiyo kwanza anauona.

"Misumeno yako ilinipasha lini mimi?" akasema. "Itoe. Na wewe Mama Hae-rin, kumbe miaka yote hiyo unaosha na barafu? Si ungesema!"

"Mama, ningesema, makalio yako yangenisikia?"

Bibi akacheka mpaka akakohoa kama boila.

Tangi likasimikwa stoo, ukafika Mwaka Mpya unaohesabiwa kwa mwezi. Tambiko la mababu likaisha, supu ya vipande vya mkate wa mchele ikanywewa, na bakuli zikapanda jikoni mlima hata paka akaogopa kupita. Ndipo Ok-hui akatwaa taulo, mbele ya ukoo mzima.

"Naenda kuoga."

Mkwe mkubwa kuoga kabla ya vyombo!

"Na v-vyombo?" akauliza Pil-jae.

"Maji ya moto yapo. Si wewe ndiye mjuzi wa boila?"

Wote wakamgeukia bibi. Bibi akagusa sakafu kwa kiganja, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Moto uleule. Pil-jae, glovu za pinki ziko nyuma ya mlango."

Akazivaa. Punde ikasikika sauti kutoka bafuni, ndani ya mvuke mzito.

"Shemeji! Huko yanatoka moto?"

"Yanaunguza!"

"Na huku pia!"

Basi iandikwe, na wasiojua kusoma wasimuliwe: siku ile, kwa mara ya kwanza tangu akina Pyo waitwe akina Pyo, mabomba mawili yalitoa maji ya moto kwa wakati mmoja, na Ok-hui mshindi, msumbufu wa sakafu, malkia wa povu, akakaa katika maji yake mpaka vidole vikakunjamana, akiimba, na safari hii aliimba vizuri.