Tanuru la mama mkwe lilivyoniumbua

Jumamosi. Asubuhi ukungu mzito, kuanzia saa nne jua.

Jamani, leo nimeaibika ukweni. Naandika mapema kabla shemeji yangu Festo hajawaletea ya kwake. (Yake itakuwa ndefu, ila sidhani kama ataongopa.)

Mama mkwe anajenga kule Mshangano, hapahapa Songea. Nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma, yanayounganishwa kwa udongo tu, bila saruji. Sebule imepanda, chumba cha wageni kimepanda. Kimebaki chumba chake mwenyewe, na mvua haziko mbali. Anakoishi sasa bati linavuja juu ya kitanda. Ndiyo maana mimi na mke wangu tulitoka Ruhuwiko asubuhi kwenda kusaidia kubeba matofali.

Tukakuta tanuru limeshuka hadi kiunoni, maana fundi amekuwa akichukua matofali kutoka juu. Jirani, Mama Oddo, naye kaja na toroli. Anaomba matofali ya kumalizia choo.

Mama mkwe akasita. Mimi na yeye hatusemezani ana kwa ana, ndiyo heshima yetu. Alikaa kule pembeni amenipa mgongo, mke wangu katikati.

"Muulize mwenzio kama yatatutosha."

Hapo ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi. Lakini mkwe kaulizwa, mkwe akasimama. Nikapima tanuru kwa hatua, urefu na upana. Nikahesabu mistari ya kwenda juu. Nikazidisha kwa kijiti mchangani. Nikapima na kuta za chumba kilichobaki, nikatoa mlango, nikatoa dirisha, hata ya kuvunjika nikayatoa. (Darasa la saba nilifaulu hesabu. Mengine tuyaache.)

"Mwambie mama yanatosha na yanabaki. Mama Oddo apakie tu."

Mama Oddo akapakia, akarudi, akapakia tena. Mimi nilimsaidia kusukuma.

Baadaye Festo akarudi kutoka kuchota maji. Yeye ndiye aliyelichoma tanuru lile.

"Nani kagawa matofali?"

"Yapo mengi, shemeji. Nimepiga hesabu."

Festo akainama. Alitoa tofali moja pale chini, akaingiza mkono. Mkono ukazama hadi begani.

Mtu akipanga tanuru huacha vichochoro chini vya kusukumia kuni, tunaviita midomo. Moto ukishakolea anaiziba kwa matofali na udongo. Nimezaliwa hapahapa Songea, nimeota moto kwenye midomo hiyo tangu mtoto. Ila leo nilipoiona imezibwa nikaihesabu kama matofali. Nimezidisha hewa.

"Shemeji," Festo akasema, "hayo ya hewa fundi atayaunganisha kwa udongo gani?"

Mke wangu akaenda kwa Mama Oddo kuchungulia. Choo kilishapanda kwa matofali hayohayo. Kwa haki, yule mama hana kosa, alipewa kwa neno langu.

Nikamtazama mama mkwe. Mgongo ulikuwa unatikisika. Nikajua analia, chumba chake kimepotea na mvua ndizo hizo.

"Mwambie mama anisamehe," nikamwambia mke wangu.

"Mwambie mwenyewe. Anacheka."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha akatoa hukumu: "Mwambie mwenzio chumba cha wageni kibomolewe, matofali yaje kwangu. Mgeni mwenyewe ni yeye. Akija kunisalimia, atarudi kulala kwake."

Basi mchana kutwa nimebomoa chumba changu mwenyewe, tofali kwa tofali, Festo akinikumbusha niyahesabu. Jioni fundi alishaanza kupandisha ukuta wa mama. Kama yatafika hadi juu, mimi nisiulizwe.

Usiku huu nyumbani tumekula ugali na dagaa wa Nyasa. Mke wangu aliinua sufuria akaniuliza, "Hawa wanatutosha?"

Nikasema sijui. (Walitosha, na wakabaki.)